Uganda na Kenya: nani anaweka akiba zaidi, na akiba hiyo hulala wapi?

Mwanzisha uzi (Busia, upande wa Uganda)

Ndugu zangu, hapa mpakani ni vigumu kumaliza juma bila kusikia mtu akisema kwamba Mkenya anajua kuweka akiba na Mganda anajua kula. Kauli hiyo husemwa sokoni, husemwa kwenye foleni ya malori, na siku hizi husemwa hata na watu waliosoma uchumi, ambao hutolea ushahidi benki kubwa za Nairobi, SACCO (vyama vya akiba na mikopo) za walimu zenye majengo ya ghorofa, na huduma ya pesa kwa simu iliyoanza kwao Machi 2007 wakati sisi tulisubiri hadi 2009. Ninaandika kwa urefu kwa sababu naamini kauli hiyo haina msingi, na ubaya wake ni kwamba inatufanya tuidai serikali yetu mambo yasiyotusaidia.

Akiba ghafi ya taifa haipatikani kwa kujumlisha vitabu vya benki. Watakwimu huanza na pato ghafi la taifa, yaani thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini, ikiongezwa mapato ambayo wakazi wake wameyapata nje na kupunguzwa faida, riba na mishahara iliyokwenda kwa wageni. Kutoka hapo huondoa matumizi ya kaya na ya serikali, kisha huongeza fedha zilizoingia bila kudai malipo, kama misaada na fedha zinazotumwa na ndugu walio ughaibuni. Kinachobaki ndicho huitwa akiba. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa na benki kila kona na bado ikabakiza kidogo, na nyingine ikawa na benki chache na ikabakiza zaidi, kwa kuwa kinachopimwa ni kile ambacho hakikuliwa, popote kilipo.

Iko njia ya pili ya kufikia jibu hilohilo, nayo naipenda zaidi kwa sababu kila mmoja wetu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Akiba ya taifa ni sawa na uwekezaji wote uliofanyika nchini ukiondoa sehemu iliyogharamiwa na wageni, na sehemu hiyo ya wageni huonekana kama nakisi katika urari wa malipo ya kawaida na nchi za nje, yaani pale nchi inapolipa nje kuliko inavyopokea. Uwekezaji wa Uganda umekuwa ukikaribia robo ya pato la nchi, na nakisi yetu katika mwaka 2022 na 2023 ilikuwa karibu asilimia 8. Ukitoa, unapata akiba ya takriban asilimia 16 au 17. Kenya uwekezaji umekuwa chini kidogo ya asilimia 20, na nakisi ilikuwa kama asilimia 5 mwaka 2022 na asilimia 4 mwaka 2023, hivyo akiba inaangukia kwenye asilimia 14 au 15. Tofauti ni ndogo, lakini haielekei upande ambao watu wanadhani.

Kwa fedha taslimu mambo hubadilika. Pato la Kenya lilizidi dola bilioni 100 mwaka 2023 na letu lilikuwa chini kidogo ya bilioni 50, kwa hiyo akiba yao yote ni karibu mara mbili ya yetu. Anayetaka kujenga reli au bwawa huangalia wingi huo wa fedha, na katika hilo Kenya iko mbele bila ubishi. Lakini anayeuliza kuhusu tabia ya watu, kwamba katika kila shilingi mia wanabakiza ngapi, hana sababu ya kumdharau Mganda, hasa akikumbuka kwamba pato la Mganda mmoja ni takriban dola 1,000 kwa mwaka na la Mkenya linakaribia 2,000. Mwenye nusu ya pato anabakiza sehemu ileile au zaidi kidogo.

Maoni yangu ni kwamba nchi hizi mbili zinatofautiana hasa katika mahali akiba inapolala na katika nani anayeikopa. Nakaribisha wenye hoja, hata zinazonipinga.

Mhasibu (Kampala)

Ndugu mwanzisha uzi, nakubaliana na hesabu yako kwa kiasi kikubwa, ila nina angalizo kuhusu takwimu zenyewe, kwa maana nimeona watu wengi wakizichanganya. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai na kuisha Juni, na takwimu nyingi za Kampala hutangazwa kwa mwaka huo, ilhali Kenya hutangaza hesabu za taifa kwa mwaka wa kalenda. Mtu akichukua mwaka wetu wa 2020/21 akaulinganisha na mwaka wao wa 2020, amelinganisha miezi sita iliyoathiriwa na korona na miezi mingine tofauti kabisa. Tena sisi tulibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu, yaani mwaka ambao bei zake hutumiwa kupimia pato, mwaka 2019 tukatumia 2016/17, na Kenya wakabadilisha Septemba 2021 wakatumia 2016. Mabadiliko ya namna hiyo kwa kawaida huongeza pato, na pato likiongezeka uwiano wa akiba husogea hata kama hakuna mtu aliyeweka senti zaidi. Jedwali la kabla ya mabadiliko lisiwekwe kando ya jedwali la baada yake.

Sasa nije kwenye hoja yako ya mahali akiba inapolala, kwa sababu hapo umegusa kazi ninayoifanya kila mwezi. Ninapoandaa mishahara, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10, jumla asilimia 15 ya mshahara wote, nazo huenda NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, bila mjadala. Kwa mtu anayelipwa shilingi milioni 1, hizo ni shilingi 150,000 kila mwezi. Kenya, kwa miaka mingi, mfanyakazi alitoa shilingi zao 200 na mwajiri 200, iwe anapokea mshahara mdogo au mkubwa, mpaka sheria yao ya mwaka 2013 ilipotoka mahakamani Februari 2023 na kuanza kutumika, ambapo kila upande hutoa asilimia 6 kwa viwango vinavyopandishwa hatua kwa hatua. Ndiyo sababu mfuko wetu ulizidi shilingi trilioni 20 kufikia mwaka 2024, pamoja na kwamba waajiriwa rasmi wetu ni wachache kuliko wao. Sheria yetu ya mwaka 2022 iliongeza wigo zaidi kwa kumlazimu kila mwajiri kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja, ingawa pia iliruhusu mwanachama mwenye umri wa miaka 45 na aliyechangia miaka kumi kuchukua asilimia 20 ya akiba yake mapema.

Lakini tusijipongeze upesi. Watumishi wetu wa umma hawachangii pensheni yao. Wakistaafu, hulipwa kutoka bajeti ya mwaka huo, na nyuma yao hakuna mfuko wowote. Kenya walianza mpango wa kuchangia Januari 2021, mtumishi akifikia asilimia 7.5 na serikali ikiweka asilimia 15. Katika jambo hili wametupita, na nadhani ni jambo kubwa kuliko hayo majengo ya SACCO.

Niongeze hili kwa ufupi, nikijua ni nje kidogo ya nchi mbili zako. Tanzania, kwa takwimu zao rasmi, huwekeza karibu asilimia 40 ya pato lao wakiwa na nakisi ndogo kuliko yetu. Tukitaka jirani wa kujipima naye, tutazame kusini pia.

Mama wa kikundi (Sironko)

Nimesoma yote mawili kwa makini, na ninaomba kuuliza swali la mtu wa kijijini. Sisi tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Kasha letu ni la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanawake watatu ambao si viongozi, ili mwenyekiti asiweze kulifungua hata akitaka. Mwanachama hununua kuanzia hisa moja hadi tano katika kila mkutano, na kila hisa hugongwa muhuri katika kitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri na kujua alicho nacho. Fedha za msiba na ugonjwa zinakaa katika mfuko wao mdogo wa kitambaa humohumo ndani ya kasha. Mikopo hutolewa palepale, mbele ya wote, na Desemba tunagawana kila kitu pamoja na riba, kasha linabaki tupu, kisha tunaanza upya.

Mimi na wenzangu tumekuwa tukiweka hivi kwa miaka. Je, katika hizo asilimia 16 au 17, sisi tumo? Maana ninavyojua, fedha za mgao wetu nyingi huishia kwenye ada za shule muhula unapofunguliwa Februari, chache huwa mabati au ng'ombe. Na wanaume wetu, msimu wa kahawa ukiwa mzuri, hununua kiwanja. Kila mmoja hapa anaamini kwamba ameweka akiba.

Mwanzisha uzi

Mama, asante sana. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako lina uzito kuliko yote niliyoyaandika mimi.

Mabati yamo. Nyumba inayojengwa, hata ya vyumba viwili, huhesabiwa kama uwekezaji, na anayeijenga kwa fedha zake ameongeza akiba ya taifa kwa kiasi hichohicho. Ng'ombe wa maziwa anayefugwa na kuzaa naye yumo, kwa kuwa ni mali inayozalisha. Tatizo ni kwamba watakwimu hukadiria ujenzi na mifugo ya vijijini kutokana na tafiti za kaya, hawapiti nyumba kwa nyumba kila mwaka, kwa hiyo mmo kwa makadirio.

Kiwanja hakimo, na hili huwashangaza wengi. Mume akinunua kiwanja kwa shilingi milioni 5, yeye amehamisha fedha zake kuwa ardhi, lakini aliyemuuzia amehamisha ardhi kuwa fedha. Nchi haikuongezeka kitu. Kama muuzaji atajengea au kununulia mashine, akiba itaonekana hapo. Kama atafanyia harusi, akiba ya mnunuzi imeliwa na muuzaji. Katika nchi hii ambayo kila mwenye kipato anakimbilia viwanja, kiasi kikubwa cha kile tunachokiita akiba ni fedha zinazozunguka kati yetu huku bei ya ardhi ikipanda.

Ada za shule nazo hazimo, na jambo hili linaniumiza. Katika hesabu za taifa ada ni matumizi, sawa na sukari na sabuni. Mama aliyejinyima mwaka mzima akagongewa mihuri, kisha akalipa ada ya watoto watatu, anaonekana mwisho wa mwaka kama mtu aliyekula kila alichopata. Benki ya Dunia ina kipimo kingine, cha akiba halisi iliyorekebishwa, ambacho huongeza matumizi ya elimu na kuondoa uchakavu wa mitambo pamoja na thamani ya misitu na madini yaliyomalizwa. Kwa kipimo hicho Uganda hupata sifa upande wa elimu na hupoteza upande wa misitu, kwa kuwa mwaka 1990 misitu ilifunika takriban asilimia 24 ya ardhi yetu na sasa eneo hilo limepungua mno. Mkaa unaochomwa ukauzwa Kampala huingia katika pato letu kama mapato, na katika akiba ghafi hakuna safu inayoonyesha kwamba mti umeondoka.

Jambo la mwisho kwako, mama, ni mkopo. Mwenzako akikopa hisa zako akalipia ada au matibabu, akiba yako imekuwa matumizi yake, na kwa taifa jumla ni sifuri. Akikopa akanunua mbolea na miche ya kahawa, hapo pamezaliwa kitu. Kasha ni lilelile, kufuli ni zilezile, lakini matokeo kwa nchi ni tofauti kabisa, na ndiyo maana wingi wa vikundi au wa SACCO peke yake hautuambii lolote kuhusu akiba ya taifa.

Mkenya (Kisumu)

Jirani, naomba kuchangia kutoka upande wa pili, na nitaanzia hapo ulipoishia, kwa kuwa naona umeeleza shida yetu pengine bila kukusudia. Kenya tuna SACCO zinazosifiwa Afrika nzima, zina sheria yake ya mwaka 2008 na msimamizi wake, na mwalimu au askari wa kawaida huweka humo kila mwezi kupitia makato ya mshahara. Lakini kwa nini anaweka? Wengi wetu tunaweka ili tukope, kwa sababu kanuni iliyozoeleka ni kwamba mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba zake. Mkopo huo hujenga nyumba wakati mwingine, na hapo ni vizuri, ila mara nyingi hulipa karo, hospitali na gari. Juu ya hayo tuna mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilisifiwa kama chombo cha akiba, na kwa kweli watu waliweka. Lakini kinachozungumzwa sana mitaani ni kikomo cha mkopo, na tangu Fuliza ilipokuja mwaka 2019 mtu anaweza kununua unga akiwa hana kitu katika simu. Taasisi zetu zina nguvu mikono yote miwili, wa kukusanya na wa kukopesha kwa ajili ya kula.

La pili ni fedha za ughaibuni. Mwaka 2023 tulipokea takriban dola bilioni 4.2 na mwaka 2024 zikakaribia bilioni 4.9, wakati ninyi mmekuwa mkipokea kama bilioni 1.4. Ukituondolea fedha hizo na misaada, ukabaki na akiba inayotokana na uzalishaji wa ndani peke yake, tunashuka sana, chini yenu kwa umbali unaoonekana wazi. Kwa hiyo pengo halisi kati yetu ni kubwa kuliko hizo asilimia mbili za mwanzisha uzi, ila jamaa zetu wa Marekani na Uingereza wanalifunika.

La tatu ni serikali. Hatifungani yetu (hati ya deni) ya kwanza ya miaka kumi katika soko la kimataifa, ya mwaka 2014, ilikuwa na riba ya asilimia 6.875, na ile tuliyoiuza Februari 2024 ili kutusaidia kuilipa hiyo ya kwanza ilikuwa na riba ya asilimia 9.75. Riba inayolipwa kwa mgeni hutoka katika pato la taifa kabla hata hatujaanza kuhesabu matumizi. Ninyi hamjawahi kuuza hatifungani ya aina hiyo, na nawasihi mfikirie sana kabla ya kuiga.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kisumu, nakushukuru kwa uungwana wa hoja yako, na sina la kupinga katika fedha za ughaibuni isipokuwa kuongeza kwamba fedha hizo huinua akiba pale tu zisipotumika zote. Kijana aliye Dubai akimtumia mama yake shilingi 300,000 na mama akazimaliza kwa chakula na dawa, pato limepanda na matumizi yamepanda kwa kiasi kilekile. Hata hivyo ni kweli kwamba sehemu nzuri huwa matofali, na nyumba nyingi mpya kando ya barabara ya Busia kwenda Tororo zimejengwa hivyo.

Kuhusu deni, hatuko salama kama unavyodhani. Serikali yetu hukopa sana ndani ya nchi, na mmoja wa wakopeshaji wake wakubwa ni huohuo mfuko wa NSSF aliousifu mhasibu, ambao sehemu kubwa ya uwekezaji wake iko katika hatifungani za serikali, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Asilimia 15 ya mshahara wa mfanyakazi wa Kampala huenda kwenye mfuko, fedha zinaikopesha serikali, na serikali ikizitumia kulipa posho na safari, basi akiba ya mfanyakazi imefutwa na ulaji wa serikali katika hesabu hiyohiyo moja. Ikizitumia kujenga barabara au njia ya umeme, akiba imesimama. Swali la wapi akiba inalala linarudi hapa, na kwetu jibu ni kwamba inalala kwa mkopaji mmoja.

Ndiyo maana sioni faida ya kampeni za kuwafundisha wananchi kuweka akiba. Tangu Februari 2022 serikali inapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia (eneo dogo la utawala) katika mpango wa maendeleo ya parokia, kaya moja ikipata hadi milioni 1, na semina zinaendelea kila wilaya. Mama wa Sironko hahitaji semina. Anahitaji mahali pa kuweka mgao wake wa Desemba kwa miaka mitano, kwa riba inayoshinda mfumuko wa bei, bila kutozwa anapoweka na tena anapotoa. Mwaka 2018 tuliwatoza watu asilimia 1 kwenye pesa za simu, ikashushwa hadi asilimia 0.5 ya kutoa fedha, na mpaka leo anayehamishia akiba yake ndogo kwenye simu huadhibiwa anapoihitaji.

Mhasibu (Kampala)

Bado hujagusa mafuta. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022, na bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Je, hesabu zako hazitapinduka?

Mwanzisha uzi

Zimekwisha kuanza kupinduka, na nakisi yetu ya asilimia 8 ina sehemu yake humo. Mitambo na mabomba yanayoingizwa huongeza uwekezaji na huongeza nakisi kwa wakati mmoja, hivyo akiba yetu haisogei, kwa kuwa fedha ni za wageni. Mafuta yakianza kuuzwa, pato la ndani ya nchi litaruka, na akiba inayopimwa kwa pato hilo itaonekana kuruka vilevile. Lakini faida ya kampuni za nje itaondoka kabla ya kufika kwenye pato la taifa, kwa hiyo akiba ghafi ya taifa itapanda kwa sehemu yetu tu, yaani kodi, mrabaha na hisa za kampuni yetu ya taifa, na itapanda ikiwa tu sehemu hiyo haitakwenda moja kwa moja kwenye matumizi ya kawaida. Mfuko wa mafuta uliwekwa na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015, na tayari fedha zimekuwa zikichotwa humo kwa ajili ya bajeti hata kabla ya mafuta yenyewe kutoka.

Ninachokidai mimi ni kwamba ofisi yetu ya takwimu itoe kila mwaka akiba ya taifa ikiwa imegawanywa: kaya zimebakiza kiasi gani, kampuni kiasi gani, na serikali kiasi gani. Namba moja ya jumla inaiacha serikali ijifiche nyuma ya mama wa Sironko. Zikigawanywa, kila mbunge anayesimama kuwahimiza wapiga kura wake waweke akiba ataulizwa safu ya tatu inasomaje.